Rangi ya Maji Si Shahidi



Ukurasa wetu mwezi huu umeshikwa na barua ya kijana mmoja, msomaji wetu wa mjini. Jina lake tumelificha, kwani khabari yake inamgusa bibi yake, na mambo ya watu na wazee wao hayafai kutembezwa. Anasema kuwa mwezi wa Aprili alikwenda kumzuru bibi yake mzaa mama, ambaye nyumba yake iko ukingoni mwa kijito katika delta ya Rufiji, mahali ambapo mto hugawanyika matawi mengi na kuingia baharini kati ya misitu ya mikoko. Alfajiri ya kwanza alimkuta bibi ameteka maji kijitoni na anatia udhu. Maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Kijana akakataa kuyagusa, akasema: "Bibi, maji haya ni machafu, sala haifai." Bibi akamjibu: "Mjukuu wangu, haya ndiyo maji ya riziki. Njoo wakati wa kiangazi uyaone yametakata, kisha niulize kamba wako wapi." Wakaachana hivyo, yeye akatumia maji ya chupa aliyokuja nayo mpaka yakamwishia, na bibi akanyamaza kimya cha mtu aliyevunjiwa heshima.

Sasa kijana anatuuliza mambo matatu. La kwanza, rangi ile ni kitu gani, na kwa nini huja na kuondoka kwa miezi? La pili, je, ni kweli alivyosema bibi, kwamba ndani ya maji yale mna riziki? La tatu, je, yafaa kwa udhu, na je, yafaa kwa kunywa?

Tumeona kuwa suala hili ni kubwa kuliko ugomvi wa bibi na mjukuu wake, kwa hivyo tutalijibu kwa taratibu, moja baada ya moja. Tunawaomba wazazi walisome mbele ya watoto, na mwenye chupa ya kioo nyumbani aiweke karibu, atakuja kuihitaji.

Rangi inatoka wapi?

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo macho huvichanganya. Mto Rufiji wakati wa masika hubeba tope jingi mno, na sehemu kubwa ya ukungu wa maji yake ni tope hilo. Teka maji hayo katika chupa ya kioo, yaache yatulie usiku kucha, na asubuhi utaona udongo mwingi umeshuka chini. Lakini yatazame yaliyobaki juu. Aghlabu, na khasa yakiwa yametekwa katika vijito vya mikokoni, hayawi meupe. Hubaki na umanjano au ukahawia mwepesi. Yachuje kwa kitambaa safi, na rangi itapita pamoja na maji. Hilo si tope tena. Hicho ni kitu kilichoyeyuka.

Mama aliyeko jikoni atalifahamu jambo hili upesi kuliko mwanafunzi aliyeko darasani. Akitia majani ya chai katika maji ya moto, kisha akayachuja, majani hubaki katika chujio na rangi huingia kikombeni. Basi na mto ni kama birika. Majani ya miti huanguka, nyasi hufa, mizizi huoza katika udongo, na mvua ikipita juu yake huchukua utomvu wake na kuushusha mtoni. Jani la mkoko likianguka majini hupoteza kiasi cha thuluthi moja ya mata yake katika majuma mawili ya mwanzo, kwa kuyeyuka tu, kabla halijaliwa na kaa wala kuoza sawasawa.

Wataalamu huyaita mabaki haya ya viumbe mata ogania iliyoyeyuka. Nao wana mpaka wao wa kupimia: huyapitisha maji katika chujio ambalo matundu yake hayafiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, na kila kinachopita hapo huhesabiwa kuwa kimeyeyuka. Kisha hupima kaboni iliyomo. Maji ya juu ya bahari kuu yana kiasi cha miligramu 1 ya kaboni ya namna hii katika kila lita. Mto Kongo, ambao hupita katika misitu mikubwa na vinamasi, una kiasi cha miligramu 10. Mito yote ya dunia, ikijumlishwa, hupeleka baharini karibu ya tani milioni 250 za kaboni hii kila mwaka. Si kidogo hata kidogo. Na sehemu yenye rangi, mtaalamu wa Kijerumani Kurt Kalle aliitazama katika bahari za kaskazini katika miaka ya 1930, akaipa jina ambalo maana yake ni "dutu ya manjano".

Walakini wazee wetu wa pwani waliijua dutu hii bila ya maabara. Waliyachemsha maganda ya mkoko na mkandaa wakapata rangi nyekundu ya kutilia ngozi, na maganda hayo yaliuzwa hata ng'ambo kwa kazi hiyo. Kitu kile kile kilichokuwa kikiihifadhi ngozi isioze ndicho kinachovitia rangi vijito vya mikokoni. Basi bibi alipoyaita maji yale kwa jina jema, alikuwa na ujuzi uliomtangulia kuzaliwa kwake.

Mlango wa mto una kalenda mbili

Sasa tuje katika sababu ya rangi kuja na kuondoka. Mahali mto unapokutana na bahari pana kalenda mbili, moja ya mwezi na moja ya jua, nazo hazifuatani.

Kalenda ya kwanza ni ile ya mwezi, ambayo sisi Waislamu twahesabu kwayo saumu na hija. Hiyo ndiyo inayotawala kujaa na kupwa. Maji yanapojaa, bahari huingia mikokoni na kuleta maji maangavu ya chumvi. Yanapokupwa, maji huchuruzika kutoka katika matope ya msitu na katika mashimo ya kaa, nayo hutoka na rangi. Kwa sababu hiyo kijito hicho hicho huweza kuwa cheupe asubuhi na cha kahawia adhuhuri. Na wakati wa bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda mbali zaidi ndani ya msitu, na yanaporudi hutoka na zaidi. Wakati wa maji mafu msitu hauoshwi sana.

Kalenda ya pili ni ya jua, yaani ya mvua na pepo. Wazee wetu, kwa kuwa miezi ya Kiislamu huzunguka katika misimu yote, walihesabu kilimo na safari za vyombo kwa mwaka mwingine unaoanzia Nairuzi, nao wakaugawa kwa miongo ya siku kumi kumi. Hii ndiyo kalenda iliyomshinda kijana wetu, kwani aliuona mto mwezi mmoja tu.

Tuufuate mto kwa miezi yake. Katika Oktoba na Novemba Rufiji huwa chini kabisa. Mto hauna nguvu, na bahari huingia ndani ya vijito masafa marefu. Maji hutakata, mara nyingine hugeuka kijani. Wala hayakosi mata ogania iliyoyeyuka. Iliyobadilika ni asili yake. Sasa nyingi hutoka katika mikoko yenyewe na katika mimea midogo mno yenye kuelea, isiyoonekana kwa jicho, si katika majani na udongo wa bara. Tena jua la kiangazi huipiga rangi na kuififisha, kama linavyoufifisha ukaya ulioanikwa kila siku, na kwa kuwa maji hukaa siku nyingi bila ya kusukumwa, hupata muda mrefu wa kupigwa.

Zikija mvua za vuli, hukuta majani ya miezi mingi yamelala makavu. Hapo ndipo rangi huweza kukolea kuliko wakati wowote. Maji ni machache na majani ni mengi, na kila lita ni chai nzito.

Kisha mvua kubwa huanza kunyesha juu ya nchi za ndani, katika mabonde ya Kilombero na Luwegu, na mto hujaa. Mafuriko aghlabu hufika kilele katika Aprili. Hapo mto huvuka kingo zake, hukutana na maziwa madogo ya bondeni kama Utunge, Ruwe na Zumbi, huosha nyasi na udongo wa uwanda wote, kisha hurudi. Kila lita huenda ikawa nyepesi kuliko ya mvua za mwanzo, kwa kuwa imetiwa maji mengi. Lakini sufuria yenyewe ni kubwa mno, kwa hivyo mzigo wote unaofika baharini katika majuma hayo machache huweza kupita ule wa miezi mingi ya ukame.

Katika kipupwe, kuanzia Juni, upepo wa kusi unavuma na maji yanashuka. Wakulima wa Rufiji hupanda katika unyevu ulioachwa na mafuriko, kilimo wanachokiita mlau, na maziwa ya bondeni huachia maji yake polepole. Rangi nayo huondoka polepole, mpaka Oktoba tunarudi tulikoanzia.

Wala msidhani kuwa jambo hili ni la kwetu tu. Katika Siberia mto Lena hufunikwa na barafu miezi mingi. Barafu inapoyeyuka, katika Mei na Juni, mafuriko hushusha baharini sehemu kubwa ya mata ya mwaka mzima kwa majuma machache. Huko hakuna masika wala vuli, lakini kanuni ni ile ile. Kila mahali msimu wa rangi ni wakati ambapo maji yanayakuta majani.

Na panapokutana maji matamu na ya chumvi pana jambo jingine la kutazamwa. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Furqan, imeyataja maji haya mawili na kizuizi kilicho baina yake. Sikusudii kuigeuza aya kuwa kitabu cha maabara. Nataka tu kijana ajue kuwa mahali alipopadharau ni mahali ambapo Muumba amewaelekeza waja wake wapatazame. Mwaka 1976 mtaalamu Edward Sholkovitz alieleza alivyochanganya maji ya mito ya Scotland na maji ya bahari, na akaona yakigandana vipande vidogo vidogo. Karibu madini yote ya chuma yaliyokuwamo mtoni yaliganda, lakini katika mata ogania iliyoyeyuka iliganda sehemu 3 hadi 11 tu katika kila 100. Iliyobaki ilipita ikaendelea na safari. Kwa hivyo mlango wa mto ni kama forodha: huzuia baadhi ya bidhaa, na nyingine huzipitisha.

Je, mna riziki ndani yake?

Tumefika kwenye neno la bibi. Je, kamba hula rangi? Hapana, hawaili rangi yenyewe. Kilichoyeyuka hakiwezi kuliwa na samaki wala kamba, kama vile wewe huwezi kuitafuna chai. Lakini vijidudu vya bakteria huweza kukinywa. Mwaka 1983 mtaalamu Farooq Azam, ambaye asili yake ni Pakistani, pamoja na wenziwe, walieleza njia hii kwa uwazi: bakteria hula mata iliyoyeyuka, wanyama wadogo mno huwala bakteria, wakubwa kidogo huwala hao, na hivyo hivyo mpaka kwenye samaki. Kilichokuwa kimepotea majini kinarudishwa katika meza ya viumbe. Ni kweli kuwa sehemu kubwa hupotea njiani na kutoka kama hewa ya kaboni, kwani kila mlaji hutumia sehemu ya chakula chake kwa kupumua. Lakini hata kidogo kinachobaki kina thamani, kwa kuwa kinachoingia ni kingi.

Kamba wana sababu nyingine pia. Wakubwa hutaga mayai baharini. Wachanga huingia katika vijito vya mikoko na kukua humo, na mvua kubwa zinapokuja hutoka kwenda baharini. Mafuriko huleta pamoja na rangi virutubisho vya udongo, huyapunguza makali ya chumvi, na huwapa wachanga maji yenye kiza ambamo adui hawaoni upesi. Rangi yenyewe huzuia miale mikali ya jua isiyadhuru mayai na viumbe vidogo. Basi bibi alipoiona rangi na kamba vikija pamoja, aliona kweli. Rangi peke yake haileti kamba, illa ni alama ya msimu unaowaleta.

Na hisani ya mikoko haiishii kijitoni. Mwaka 2006 wataalamu waliochunguza mikoko ya kaskazini ya Brazili walikadiria kuwa mikoko ya dunia, ambayo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya nchi kavu, hutoa zaidi ya sehemu 10 katika 100 za mata iliyoyeyuka, ya namna ile isiyooza upesi, ambayo nchi kavu huipeleka baharini.

Lakini kila neema ina kipimo chake. Mata ikiwa nyingi mno kwa mara moja, bakteria huzidi, nao hutumia oksijeni iliyomo majini. Ndipo huonekana samaki wakipanda juu kutafuta pumzi baada ya maji mazito kutoka vinamasini. Na uchafu wa vyoo na takataka za miji, zikiongezwa juu ya mzigo wa majani, huleta madhara hayo hayo hata pasipokuwa na mafuriko.

Tohara ni jambo moja, kunywa ni jingine

Sasa swali la tatu, ambalo ndilo lililowagombanisha.

Kuhusu udhu, kijana alikosea. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wa watu wa pwani yetu huyafuata, maji yaliyobadilika kwa kitu ambacho maji hayawezi kuepukana nacho, kama udongo wa njia yake, ukungu wa mwani, kukaa kwa muda mrefu, au majani ya miti yaliyoanguka yenyewe, hubaki ni tahiri na hutwahirisha. Anayechukua majani ya chai kwa mkono wake akayachemsha katika maji mpaka yakaitwa chai, hawezi kutia udhu kwa chai hiyo. Lakini mto haukutiwa majani na mtu. Mti umeangusha, na maji yamepita. Hata maji ya bahari, pamoja na chumvi yake, yafaa kwa udhu. Kinachoyaharibu maji mengi ni najisi, ikiwa imebadilisha rangi, au harufu, au ladha yake. Maji yanayonuka choo hayafai, ijapokuwa ni meupe kama kioo.

Kuhusu kunywa, kijana hakukosea kuogopa, ila aliogopa kitu kisichokuwa chenyewe. Rangi ya majani kwa nafsi yake si sumu. Kinachoua ni vijidudu visivyoonekana, na hivyo huingia maji ya kahawia na huingia maji meupe. Kijidudu cha kipindupindu huweza kuishi chenyewe katika milango ya mito, penye mchanganyiko wa maji ya mto na ya bahari. Bibi akiyanywa maji ya kijito bila ya kuyatengeneza, kwa kuwa "ni maji ya riziki", amekosea naye. Na mjukuu akiyanywa maji ya kiangazi kwa kuwa yametakata, amekosea vile vile. Rangi si shahidi wa kukubaliwa katika kesi hii, si kwa kuthibitisha wala kwa kukanusha.

Basi mama wa nyumbani afanyeje? Ayaache maji yatulie. Ayachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa. Shabu, ile ya dukani, hugandisha tope na sehemu ya rangi ikazishusha chini. Kisha amimine maji ya juu polepole. Mbegu za mlonge zilizotwangwa nazo husafisha tope, lakini huacha mata yake ndani ya maji, kwa hivyo maji hayo yasiwekwe zaidi ya siku moja. Baada ya hapo ayachemshe mpaka yatokote, au atie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa au pakiti yake.

Hapa iko sababu ya kutanguliza kuchuja. Klorini haiwachagui vijidudu peke yao. Huishika pia mata ya majani, na dawa hutumika kabla haijafanya kazi yake. Mtu akiitia katika maji mazito ya masika kwa kipimo cha maji meupe, hudhani amejikinga na hali hakujikinga. Tena mwaka 1974 mtaalamu wa Kiholanzi Johannes Rook, katika kazi ya maji ya mji wa Rotterdam, alionyesha kuwa klorini ikikutana na mata hii huzaa klorofomu na jamaa zake, ambazo zikizidi kwa miaka hazifai mwilini. Lakini asije mtu akaacha dawa kwa ajili ya khofu hiyo: hatari ya kunywa maji yasiyouliwa vijidudu ni kubwa kuliko hiyo kwa mbali sana. Jawabu ni kuyasafisha kwanza, kisha kutia dawa.

Msimu ukiondoka

Kijana hakuliuliza jambo hili la mwisho, lakini bila ya hilo jawabu letu lingekuwa pungufu. Ikiwa riziki ya mlango wa mto iko katika kuja na kuondoka kwa msimu, huwaje msimu ukiondolewa?

Misri imekwisha kulionja hilo. Kwa maelfu ya miaka mafuriko ya Nili yalifika baharini mwishoni mwa kiangazi cha huko, na mimea midogo ya bahari ikachanua, na dagaa wakajaa mbele ya delta. Mwaka 1962 wavuvi walipata kiasi cha tani 18,000 za dagaa hao. Bwawa Kuu la Aswan likaanza kuzuia maji mwaka 1964, likakamilika mwaka 1970. Mafuriko yakakoma, na kabla ya mwisho wa muongo huo dagaa hawakufika hata tani 1,000 kwa mwaka. Uvuvi ulikuja kuinuka tena kuanzia miaka ya 1980, lakini si kwa sababu mto ulirudishiwa msimu wake. Wataalamu waliona kuwa mbolea za mashamba na maji machafu ya miji yameshika mahali pa mafuriko. Bwawa liliwapa Wamisri umeme na maji ya kumwagilia, na hatuwezi kuikana faida hiyo. Lakini bei yake ililipwa na mvuvi, na hapana aliyemuuliza.

Rufiji nayo sasa ina bwawa lake, la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022 na kuanza kutoa umeme Februari 2024. Uwezo wake ni megawati 2,115. Nchi inauhitaji umeme huo, na hapana mwenye akili atakayeutukana. Wala mto haukunyamaza mara moja: Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliwafika watu wa Rufiji na Kibiti na kuwatia katika dhiki kubwa. Tusisahau, basi, kuwa mafuriko huleta riziki na huleta msiba pia. Lakini bwawa, kwa tabia yake, huyasawazisha maji ya mwaka, huzuia tope, na hukawiza mata ya majani chini ya jua mpaka asili yake ibadilike. Wenye kuyafungua na kuyafunga malango yake wameshika mikononi mwao kalenda ya jua ya delta nzima. Ni haki ya mvuvi, na ya mkulima wa mlau, na ya bibi yule wa kijitoni, kwamba wanapohesabu maji ya mitambo wahesabu pia maji ya msimu.

Na sisi tusiokuwa na malango ya bwawa tuna jukumu letu. Mikoko ya delta ya Rufiji hukadiriwa kuwa hekta 53,000, nayo ni msitu wa mikoko ulio mkubwa kabisa mahali pamoja katika pwani yetu. Upande wa kaskazini wa delta, ambako maji matamu ni mengi, sehemu zake zimekatwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga. Njaa haina mwalimu, na hatumhukumu mwenye watoto wanaolia. Lakini shamba hilo chumvi huweza kulirudia baada ya miaka michache, na mkoko uliokatwa hauangushi jani tena. Birika limebaki, na majani hayamo.

Neno kwa kijana

Mwanangu, chukua chupa zako za kioo, uende kwa bibi yako. Mwombe atekee maji mahali pamoja, mara moja kila mwezi, mwezi unapokuwa mpevu na maji yamekupwa. Kila chupa iandikwe mwezi wa Kiislamu na mwezi wa jua pia. Iachwe itulie usiku mmoja, asubuhi iwekwe mbele ya karatasi nyeupe, na wewe au yeye aandike rangi yake na aandike kamba wamepatikana kiasi gani. Mwaka ukitimia mtakuwa na daftari la thamani, na mtakuwa mmelitengeneza pamoja.

Umchukulie pia kitambaa kizuri cha kuchujia, na shabu, na dawa ya maji. Umwambie kuwa katika udhu na katika riziki yeye ndiye aliyesema kweli, na umwombe radhi kwa neno ulilolisema alfajiri ile. Kisha, baada ya kumridhisha na si kabla, umwombe kwa adabu akukubalie katika jambo moja, la kunywa. Mzee aliyerudishiwa heshima yake husikia.

Wabillahi taufiki. Wassalaam alaykum.